Punguza Upepo Kwanza, Mengine Tutaongea Njiani

Kila nikitoka na mtu anayeanza kuendesha baiskeli kwenye njia za changarawe, kitu cha kwanza ninachofanya ni kubonyeza tairi zake kwa kidole gumba. Mara nyingi nazikuta ngumu kama jiwe. Amezijaza upepo mpaka basi, kama alivyozoea kwenye lami, akiamini kuwa tairi ngumu ndiyo yenye mbio. Simcheki, maana nami nilianza hivyo hivyo. Miezi ya mwanzo nilikuwa narudi nyumbani vidole vimekufa ganzi na mgongo unalalamika, leo nalaumu fremu, kesho nalaumu kiti. Kumbe kosa lilikuwa kwenye pampu.

Kwenye lami iliyonyooka tairi ngumu haina shida. Kwenye kokoto, tairi hiyo hailimezi jiwe, inalirukia. Kila ikiruka inakunyanyua wewe na baiskeli yako yote, na nguvu ya kunyanyua imetoka kwenye mapaja yako mwenyewe. Tairi iliyolegea kidogo inajikunja juu ya jiwe, inapita, inarudi kwenye umbo lake, na wewe hata hukusikia. Mtu wa kilo 70 hivi mwenye tairi za upana wa milimita 40 anaweza kuanzia psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) nyuma na 32 mbele, kisha apunguze mbili mbili kila safari mpaka aone raha. Aliye mzito aongeze. Anayetumia tyubu asishuke sana, kwa sababu jiwe kali likiigonga tairi iliyolegea mno, linaibana tyubu kwenye kingo za rimu. Dalili yake huwezi kuikosa: ukiitoa tyubu utakuta matundu mawili yamekaa jozi, yanatazamana.

Ndiyo maana wengi wetu huishia kwenye tairi zisizo na tyubu, zile zinazotiwa maji mazito ya kuziba ndani yake. Mwiba ukitoboa, maji yanakimbilia tundu na kuganda hapo hapo. Lakini hayo maji hukauka, na hakuna anayekukumbusha. Mimi nilijua siku niliyochomwa katikati ya msitu. Nilitikisa gurudumu nikitegemea kusikia maji yakicheza, nikasikia kitu kikavu kinagongagonga kama kokwa ndani ya tunda lililokauka. Nilisukuma baiskeli kwa saa mbili. Siku hizi nafungua na kuangalia kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Tairi zikishakuwa sawa, linalofuata ni macho. Njia ya changarawe haiko sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Magurudumu ya magari hushindilia mistari miwili, na kokoto zilizofukuzwa humo hurundikana katikati na pembeni. Panda kwenye mstari ulioshindiliwa ukae humo. Ukilazimika kuhama, vuka kile kirundo cha katikati ukiwa umenyooka na una mwendo kidogo, wala usikikate kwa mshazari polepole, utazama. Na usilitazame jiwe unalolikwepa. Baiskeli hufuata macho, ukilikodolea, utalipanda. Tazama pale unapotaka kupita, mbele zaidi kuliko unavyodhani inafaa.

Utakutana pia na vijituta vinavyofuatana kama bati la paa, hasa kwenye kona na kwenye miinuko, mahali ambapo magari hufunga breki na kuongeza moto. Hapo hakuna ujanja wa kishujaa. Tafuta ukingo ambao haujaharibika sana, nyanyua makalio kidogo kutoka kwenye kiti, legeza viwiko, iache baiskeli itetemeke chini yako. Anayeng'ang'ania usukani ndiye anayetetemeka pamoja nayo.

Nilisema wapi vilima vidogo vitakudanganya? Sijasema bado. Basi vitakudanganya. Mlima mkubwa mtu anauona kwa mbali akajipanga. Kilima cha mita 40 anakidharau, anakimaliza kwa mbio akiwa amesimama kwenye pedeli, anashuka, anakuta kingine. Vilima 20 vya namna hiyo ni mita 800 za kupanda, na kile cha 14 ndicho kinachomvunja. Panda kila kimoja kana kwamba bado vimebaki kumi. Weka gia laini mapema kabla mnyororo haujabanwa na uzito, kaa kwenye kiti, sogea mbele kidogo, inamisha kifua. Ukisimama, uzito unatoka kwenye gurudumu la nyuma, nalo linazunguka bure kwenye kokoto. Kuhusu gia zenyewe, tafuta baiskeli ambayo gia yake kubwa kabisa ya nyuma ina meno sawa na ile ya mbele au zaidi, kwa mfano 40 mbele na 42 nyuma. Muuzaji akikuambia hutaihitaji, mwulize yeye hupanda nini.

Halafu kuna kushuka. Waswahili walishasema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Anguko langu baya kuliko yote lilitokea kwenye mteremko ambao haukutisha hata kidogo. Nilitoka kwenye jua kali nikaingia chini ya miti, kona ikanitokea gizani, nikashtuka na kufinya breki ya mbele huku baiskeli imeshalala. Gurudumu la mbele likaondoka. Nilikuwa chali, naangalia gurudumu la nyuma likizunguka peke yake, na jioni ile nilikaa na kibanio nikitoa punje za changarawe kwenye kiwiko moja moja.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yanafundishika. La kwanza ni breki. Tairi ina mshiko wa kiasi tu; ukiutumia wote kupunguza mwendo, hakuna unaobaki wa kukatia kona. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kwa breki zote mbili, na ya mbele usiiogope kwenye sehemu iliyonyooka maana ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ukianza kuingia kwenye kona, achia vidole taratibu, kandamiza pedeli ya upande wa nje, pita. La pili ni mwanga. Macho yaliyotoka juani yanahitaji sekunde kadhaa kuzoea kivuli, na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa unakula zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kabla hujaingia msituni, punguza. Miwani ya kioo cheusi iache kwa siku za njia za wazi.

Msitu una mitego yake mingine midogo. Majani makavu hufunika mashimo. Mizizi iliyolowa huteleza kuliko matope. Ivuke kwa kuikata msalaba, bila breki, bila kukanyaga kwa nguvu. Na pale wanapovuna miti, ukisikia lori, simama pembeni mapema. Dereva hana pa kukupisha.

Kupanga safari, sahau kilomita, hesabu saa. Mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa kwenye lami akishika 16 kwenye changarawe na vilima amefanya vizuri, na kilomita 50 zinaweza kumla saa tatu na zaidi. Pakua ramani kwenye simu kabla hujatoka, mtandao hupotea kwenye mabonde. Ramani za OpenStreetMap hupanga njia za mashambani na misituni kwa madaraja, kuanzia 1, iliyoshindiliwa vizuri au yenye lami, hadi 5, ambayo ni udongo mlaini mtupu. Anayeanza ashike 1 hadi 3. Mimi nimewahi kuiamini njia ya daraja la 5 baada ya mvua. Matope yalijaa kati ya tairi na fremu mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka, nikabeba baiskeli begani.

Maji, hesabu nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto. Kula kabla hujasikia njaa. Njaa ya baiskeli haibishi hodi: dakika moja unapiga porojo, inayofuata unatafuta pa kukaa.

Vifaa sitaviorodhesha vyote. Pampu, tyubu mbili hata kama tairi zako hazitumii tyubu, vijiti vya kutolea tairi, kiungo cha akiba cha mnyororo. Kinachosahauliwa ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa kikunjike ili fremu ipone, na fremu nyingi zina chake. Nunua cha pili siku unayonunua baiskeli, kifunge kwa utepe wa gundi chini ya kiti.

Njiani utawakuta wenyeji, wapita kwa miguu, mifugo. Ongea mapema, punguza mwendo, salimia. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Mbwa akikujia mbio, shuka, weka baiskeli kati yenu, tembea taratibu.

Kijana mmoja aliniuliza kama aanze na mashindano ya Emporia, Kansas, yale ya maili 200, yaani kilomita 322 hivi, yaliyoanza mwaka 2006. Nilimwuliza ameshawahi kuziba pancha mwenyewe. Akanyamaza. Tukaanzia hapo: tukageuza baiskeli yake miguu juu, nikamkabidhi vijiti, nikakaa pembeni nikiangalia saa. Mara ya kwanza alitumia dakika 34. Wiki iliyofuata, 11.