Keratokonasi na lenzi zinazochoma

Pole sana, mdogo wangu. Unasema una miaka 22 na una keratokonasi, yaani konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) inayochongoka, lenzi zako ngumu zinachoma ikifika mchana, na dawa ya kuoshea ikiisha unatumia maji ya bomba. Hayo maji acha leo. Hata yakionekana safi, yanaweza kuwa na akanthamiba, kijidudu kinachojificha chini ya lenzi na kuila konea, na kukitibu huchukua miezi. Hata kikasha cha lenzi usikisuuze kwa maji. Dawa ikiisha, vaa miwani, hata kama huoni ubaoni.

Kuchoma kwenyewe mara nyingi ni lenzi kukwaruza ncha ya konea iliyochongoka, au vumbi kuingia chini yake. Muulize mtaalamu wako kuhusu lenzi kubwa za sklera, zinazokaa kwenye weupe wa jicho bila kuigusa konea. Ni ghali, lakini kwa wengi wenye hali yako ndizo zinazovalika kutwa nzima.

Na tafadhali usifikiche macho! Yakiwasha, omba matone ya mzio.

La muhimu zaidi kwa umri wako: omba konea ipimwe ramani yake kila baada ya miezi kadhaa. Ikiwa inazidi kuchongoka, kuna tiba ya matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno ya kuikaza. Kwa kawaida hairudishi uoni uliopotea, ila huzuia usizidi kupotea.

Jicho likiwa jekundu na kuuma, vua lenzi, nenda kliniki siku hiyohiyo, na kikasha ukibebe.