Kwa Wewe Unayeanza Kukaa na Mtoto Asiyetulia

Kama umekabidhiwa mtoto mwenye nguvu nyingi, yule ambaye kila akipita watu wanasema "huyo mtukutu", huenda wazo lako la kwanza ni kumnunulia vitu vya kumshughulisha. Subiri kidogo. Nimekaa na watoto wa namna hii kwa miaka mingi, na midoli ya gharama ndiyo wanayoichoka upesi kuliko vyote. Huibonyeza, ikalia, wakaitupa pembeni. Vinavyodumu ni ndoo, kamba, maboksi, matambara, na mtu mzima ambaye simu yake ameiweka mbali.

Kabla ya kufikiria mchezo wowote, chunguza siku ya mtoto ilivyo. Saa ngapi huchemka? Amelala vya kutosha? Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana, na wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Mtu mzima akikosa usingizi husinzia, lakini mtoto mara nyingi huzidi kuruka na kukasirika, nasi tukadhani ana nguvu za kupita kiasi. Njaa nayo humfanya hivyo hivyo. Mtoto mwenye njaa na usingizi hakuna mchezo utakaomtuliza, kwa hiyo usiulaumu mchezo wala mtoto.

Sasa tuje kwenye kazi nzito, maana hapa ndipo nimeona mabadiliko makubwa kuliko penginepo. Ninaposema nzito nina maana ya kubeba, kusukuma, kuvuta, kukamua na kuchimba. Misuli na viungo vinapobanwa au kuvutwa, hupeleka habari kwenye ubongo kuhusu mwili ulipo na unachofanya, na watoto wengi wasiotulia hupata utulivu kwa njia hiyo. Wataalamu wa tiba kazi, yaani wale wanaomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, wanaitumia sana. Nilikuwa na mvulana wa miaka saba aliyekuwa akiwapiga wenzake kila shughuli inapobadilika. Nikampa jagi na kumwonyesha pipa tupu upande wa pili wa uwanja, nikamwambia maji yale yanahitajika kumwagilia maua. Safari za mwanzo alikimbia na maji yakamwagika miguuni. Baadaye, bila kuambiwa na mtu, akaanza kupunguza mwendo, mikono yote miwili kwenye jagi, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, macho hayabanduki kwenye maji. Pipa lilipojaa aliweza kukaa chini na wenzake bila kumgusa mtu. Alikuwa amefanya kazi ya kweli, na maua yalimwagiliwa kweli.

Jambo hilo la kazi kuwa ya kweli lina uzito. Watoto hawa wameshasikia "acha", "toka hapo" na "tulia" mara nyingi sana. Ukimpa kazi ambayo watu wanaihitaji, unampa nafasi ya kusikia "asante". Akamue nguo, asukume boksi lililojaa vitabu, achimbe shimo la kupanda mche. Mpe brashi na ndoo ya maji "apake rangi" ukuta wa nje. Ukikauka, anaanza upya. Mzigo uwe wa kadiri yake, na usimwache mtoto mdogo peke yake na ndoo ya maji hata kwa dakika moja, kwa sababu mtoto huweza kuzama kwenye maji machache sana.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutoa jasho. Si lazima zije kwa mkupuo mmoja. Kwa mtoto huyu, vipindi vifupi vilivyotawanywa vinafaa zaidi, hasa kabla ya jambo linalohitaji kukaa, kama kazi ya shule. Kuruka kamba, kupanda ngazi mbio, kutambaa chini ya viti vilivyopangwa mstari, na kuruka kutoka alama moja ya chaki hadi nyingine vinatosha kabisa.

Ila kukimbia peke yake hakumfundishi kusimama, na kusimama ndiko kunakomshinda. Ndiyo maana napenda michezo inayomtaka ajizuie. Piga muziki au piga makofi, mcheze. Sauti ikikatika, kila mtu anaganda alivyo. Akishaizoea, igeuze: sauti ya haraka mcheze polepole, sauti ya polepole mcheze haraka. Au mwambie ukisema "kichwa" aguse magoti, ukisema "magoti" aguse kichwa. Utaona anavyopambana na mkono wake mwenyewe. Cheka pamoja naye, na akiweza kusubiri hata kidogo, mtajie hasa alichofanya: "Umesubiri mpaka nikamaliza kusema." Sifa ya namna hiyo inamwonyesha cha kurudia, kuliko "mtoto mzuri" ambayo haimwambii kitu.

Michezo ya kushindana iweke kando kwa sasa. Najua wengi huipenda, lakini mtoto ambaye hasira humpanda upesi akishindwa mbele ya wenzake, mchezo unageuka ugomvi. Mshindane na saa, au mjenge kitu pamoja. Maboksi matupu ni mazuri mno kwa hilo: leo nyumba, kesho basi, keshokutwa yanachanwachanwa, na kuchana nako ni kazi nzuri ya mikono. Unga wa kufinyanga unaweza kuutengeneza kwa vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na maji kidogo kidogo mpaka ushikane. Asiule tu, chumvi ni nyingi.

Kuna dakika tano za kila siku ambazo nakusihi usizikose. Mwanasaikolojia Sheila Eyberg wa Marekani, aliyeanzisha katika miaka ya 1970 tiba inayowaweka mzazi na mtoto pamoja mchezoni, aliwapa wazazi kazi ya kucheza na mtoto kwa dakika chache kila siku huku mtoto akiongoza. Wewe unafuata. Humwamuru, humhoji, humkosoi. Unasema unachokiona: "Umeweka la bluu juu ya jekundu." Mwanzoni utajisikia ajabu, maana tumezoea kumwelekeza. Vumilia. Na dakika hizo usimnyang'anye kama adhabu kwa kosa la asubuhi, kwani siku aliyokosea ndiyo anazihitaji zaidi.

Vurugu nyingi hazitokei katikati ya mchezo bali mwishoni mwake. Kwa hiyo panga mwisho kabla hujaanza. Badala ya kusema "dakika kumi", ambazo mtoto mdogo hazioni, sema "pipa likijaa tunamaliza" au "mizunguko mitatu". Mtangulizie taarifa, umkaribie, uiname hadi usawa wa macho yake, useme maneno machache: "Kwanza tunaosha brashi, halafu tunasoma hadithi." Mpe kitu cha kubeba kwenda nacho kwenye shughuli inayofuata. Mikono yenye kazi hairushi mawe.

Akilipuka licha ya hayo yote, punguza maneno na shusha sauti. Ondoa vya kurushwa, waondoe watoto wengine, kaa karibu kiasi cha kumlinda asijiumize. Wakati huo hasikii somo. Mazungumzo yafanyike baadaye, yawe mafupi, kisha mrudi kwenye shughuli nyepesi anayoiweza.

Michezo hii haichukui nafasi ya mtaalamu. Kama mtoto hatulii wala hamakiniki kwa zaidi ya miezi sita, nyumbani na shuleni pia, kiasi cha kuharibu masomo na urafiki wake, apelekwe akapimwe. Aanze na masikio na macho, kwani asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Mpelekee mtaalamu maandishi badala ya malalamiko: tabia gani, saa ngapi, nini kilitangulia, nini kilimtuliza. Ukiwa umeandika kwamba baada ya kubeba maji hukaa kwenye somo kwa muda mrefu kuliko kawaida, hiyo ni habari ambayo daktari hawezi kuipata kwa kumtazama mtoto kwenye kiti cha chumba chake.