Wenzangu wataka kula kwa Mtaliano, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Malindi na wenzangu tuliokutana safarini, leo usiku wanataka twende hoteli ya Wataliano na mimi nguruwe sili, pombe sinywi, nikatae ama?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikatae, nenda! Wataliano tuko nao huku tangu enzi za San Marco, kile kituo chao cha kurusha roketi kule Ngomeni, miaka ya 1960, weita kashazoea kuulizwa, we muulize tu kabla hujaagiza. Tambi za carbonara wacha, zile hutiwa nguruwe, na tiramisu, ile keki ya kahawa, mara nyingi ina pombe ndani wala huioni, hapo wengi hunaswa. Chukua pizza ya margherita, nyanya na jibini na majani ya mrehani juu, tamu kweli! Na bili mwambieni mapema kila mtu yake, wenzio wakiagiza mvinyo chupa nzima kisha mkagawanya sawa utaumia bure.