Jibu: Nataka kumpendekeza nesi apewe tuzo, niandike nini?

Habari dada, pole kwa kuuguza. Umesema unataka kumpendekeza yule nesi wa usiku aliyemhudumia mama ila fomu inataka "huduma ya kipekee" na kila ukianza unaishia kuandika ni mkarimu, ana upendo, basi. Na mimi nilikwama hapohapo baba alipolazwa.

Kwanza cheki kama una jina lake kamili na wodi, mimi nilikuwa na jina moja tu kumbe wenye jina hilo wako wawili, barua ikarudi. Kama huna muulize muuguzi mkuu wa wodi, mpe tarehe na zamu atamjua.

Halafu sifa weka pembeni, andika tukio moja uliloliona kwa macho yako. Mimi niliandika hivi, zamu yake ilishaisha asubuhi, ameshavaa koti lake la nyumbani, akamsikia baba analia kwa woga akarudi akavuta kiti akamshika ule mkono usio na dripu mpaka usingizi ukamchukua. Sentensi nne tu, na ndizo zilizosomwa mbele ya wenzake siku anapewa cheti, nililia kweli.

Majibu ya vipimo vya mama usiyaweke, hayo ni siri yake. Na usingoje Siku ya Wauguzi Duniani Mei 12, andika sasa hivi kumbukumbu bado mbichi, na nakala moja mpe mwenyewe mkononi hata kama tuzo haitatoka.