Goti bandia lipi bora? Jibu langu halitawapendeza wauzaji

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, daktari kanipa nichague kati ya goti lenye plastiki inayozunguka na lile lisilozunguka. Wewe mwenye goti bandia, lipi linadumu?" Swali hili naulizwa kila mara, basi leo nalijibu hadharani nipumzike.

Langu ni la kawaida kabisa. Kwenye mfupa wa paja kuna kofia ya kobalti-kromu, kwenye muundi kuna kibao cha titani, na katikati plastiki nyeupe ngumu iliyobanwa palepale, haizunguki. Saruji ya mifupa ndiyo inayoshikilia vyuma. Nikishuka ngazi linalia tk, tk, na kupiga magoti sakafuni bado kunanikera. Lakini natembea, jamani. Natembea!

Kulipata kulinigharimu machozi. Daktari wa kwanza nilipomuuliza kwa nini ananisukumia muundo uliotoka juzi, alicheka, akataka kujua nilisomea udaktari lini. Maneno yale hayajanitoka mpaka leo. Nilichukua faili langu nikaondoka. Wa pili aliniwekea goti la mfano mezani, akalikunja na kulikunjua, kisha akaniachia nilishike mwenyewe. Hapo ndipo nikaanza kuelewa.

Hiyo plastiki inayozunguka ilibuniwa kwa nia njema: ikijigeuza pamoja na mguu, isagike polepole, goti lidumu. Ila wagonjwa walipofuatiliwa miaka mingi, wakiwemo waliowekewa aina moja mguu huu na nyingine mguu ule, faida iliyotarajiwa haikuonekana. Magoti yaliyotangazwa kuwa ya wanawake, na yale ya kukunjika zaidi, nayo hayakuwashinda wenzao wa zamani. Kilicholeta nafuu ya kweli ni plastiki yenyewe kuimarishwa, ikawa haisagiki upesi.

Tofauti kubwa iko kati ya goti zima na nusu goti, yaani pale unapobadilishwa upande mmoja tu uliolika. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, kwa takwimu za Australia na Ufini, ulikadiria kuwa magoti mazima 82 kati ya 100 hufika miaka 25 bila kubadilishwa tena. Nusu goti ni kama 70. Usikimbilie kuhukumu, lakini! Nusu goti hupona haraka, lina madhara machache ya hatari baada ya upasuaji, na wengi husema linafanana zaidi na goti lao la asili. Tena ni rahisi kulibadilisha kuwa zima, kwa hiyo madaktari hawasiti kulifungua tena, na hilo linachangia idadi ya yanayobadilishwa kupanda.

Umri nao una neno lake. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa aliyebadilishwa goti akiwa na miaka 70 au zaidi ana uwezekano wa takriban asilimia 5 wa kurudi kupasuliwa maishani. Kwa wanaume walio mwanzoni mwa miaka ya 50 unafika asilimia 35. Goti linatumika zaidi, na mwenyewe ana miaka mingi mbele.

Ndugu zangu, acheni kuchagua goti kama mnavyochagua simu, eti la mwaka huu ndilo bora. Goti jipya halina historia. Sweden wanaandikisha magoti bandia tangu 1975, na orodha za namna hiyo ndizo zilizofichua miundo mibovu ambayo matangazo yaliisifu. Muulize daktari: muundo huu una miaka mingapi kwenye sajili, yaani orodha hizo? Wewe mwenyewe unauweka mara ngapi kwa mwaka? Hasa nusu goti, maana mikononi mwa asiyelizoea matokeo huwa mabaya zaidi. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine. Nimesema.

Na wewe dada uliyeniandikia, kati ya hayo mawili chukua lile ambalo daktari wako amelizoea zaidi. Ukishapasuliwa, omba nakala ya zile stika zenye jina na namba ya kila kipande. Hubandikwa kwenye faili la upasuaji, na siku ukihitaji kubadilishiwa plastiki tu, daktari atakayekupokea atazitaka kabla ya kitu kingine chochote.