Maji yanaanzia chooni: nijenge ukuta?

*Mzee wa Pimamaji, shikamoo. Nilinunua nyumba Kigogo miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nane, jua kali, bei nafuu. Masika haya maji yamenipita goti mara mbili. Ajabu ni kwamba yanaanzia chooni: tundu la bafu linagugumia, maji yanapanda, kisha ndipo ya barabarani yanafika mlangoni. Jirani anasema nizungushe ukuta wenye kizingiti kirefu. Fundi anataka shilingi milioni 4. Nimpe?*
*Mama Wawili, Kigogo, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Usimpe, bado.

Nina kisa ambacho sijawahi kukisimulia hapa. Mwaka 2010 nilimjengea dada yangu ukuta kama huo, bonde hilo hilo la Msimbazi. Tofali za inchi 6, plasta pande zote, kizingiti cha magotini. Nilijiona fundi kwelikweli. Desemba 2011 ikaja mvua ambayo watu wa hali ya hewa walisema Dar haijaiona tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki, na wengi waliookolewa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Kwa dada, maji ya nje yalisimama kwenye kizingiti changu kwa adabu kabisa. Yaliyomzamisha yalipandia bafuni. Mto ulipopungua, majirani wakawa wanafagia tope, yeye bado ana bwawa, kwa sababu nilikuwa nimemfungia maji ndani. Nikarudi na nyundo kubwa nikatoboa ukuta wangu mwenyewe, shemeji akinimulikia tochi bila kusema neno. Heri angenitukana.

Choo chako kinaishia shimoni. Mto ukijaa, udongo wa bondeni unashiba, shimo nalo linafurika, na maji yakishapata bomba hupanda mpaka yalingane na ya nje. Ndani ya nyumba hakuna palipo chini kuliko tundu la bafu, basi linatangulia. Ukuta wa milioni 4 hauligusi.

Kwa hiyo kwanza pima. Azima mpira mweupe wa fundi, ule wa kujaza maji, mita 10 hivi. Ncha moja ishikiliwe ukutani, maji yake yalingane na mstari wa tope uliobaki. Ncha ya pili ipeleke kwenye tundu la bafu, mfuniko wa chemba, kizingiti cha mlango, kisha soketi za umeme. Kila mahali maji ya mpira yanapotulia, weka alama ya chaki, pima kutoka hapo hadi kwenye kitu chenyewe, andika sentimita.

Kisha bomba linalotoka bafuni na chooni kwenda kwenye chemba liwekewe valvu ya kuzuia maji kurudi. Iwe mahali pa kufunguka, usimruhusu fundi aizike kwenye zege. Ndani ina kiulimi kinachojifunga maji yakirudi. Nywele zikinasa pale hakifungi, na umetupa pesa. Isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Ikiwa imejifunga msioge wala kuvuta choo, maana maji yenu nayo hayana pa kwenda. Kabla hujaipata, mfuko wa mchanga uliofungwa kwenye nailoni, mmoja juu ya tundu na mwingine ndani ya bakuli la choo, unasaidia.

Soketi zote zipande juu ya ule mstari wa tope. Swichi kuu izimwe mawingu yakiwa bado huko Pugu, mto unakoanzia; ukishasimama majini usiiguse.

Ukuta sasa. Maji ya kina cha mita 1 yanasukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu kama nusu tani. Tofali za inchi 6 bila nguzo haziwezi, na ukuta ukianguka usiku huanguka na mto wote. Kizingiti cha tofali moja mlangoni, kuzuia maji ya barabarani, sawa, ila baada ya valvu. Kifusi uani usimwage: utamhamishia jirani yako maji.

Wako watakaokuambia kosa ni lako, umejenga bondeni. Wengi wao wanakaa juu, Kimara au Tabata, uwanja wote wameusakafia zege. Bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50, ni lita 5,000, na zote wanatuletea sisi.

Hata hivyo, kuna jambo la kutangulia hata huo mpira. Pima kwa kamba toka ukingo wa mto hadi nyumbani. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60. Halafu nenda serikali ya mtaa uulize kama nyumba yako imo kwenye mipaka ya Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao umelipa watu fidia wahame. Kama imo, nunua mifuko ya mchanga tu, hiyo milioni 4 iwe ya kiwanja.

Kama haimo, niandikie namba tatu: bafu, chemba, kizingiti. Na uniambie chemba iko upande wa mto au wa barabara.