"According to me" ni sahihi?

Umeuliza kama unaweza kusema "according to me" kwa maana ya "kwa maoni yangu". Hapana, iache kabisa. "According to" hutaja chanzo kingine: ripoti, daktari, gazeti. Ukitoa maoni yako mwenyewe, tumia "in my opinion" au "I think", moja kati ya hizo. "In my opinion I think" ni kurudia jambo lilelile.

Kinachowaponza wengi zaidi ni uzito wa kila msemo. "If you ask me" ni wa maongezi ya kawaida. Kwenye insha ya IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza) haufai, hapo andika "I believe" au "in my view". "With all due respect" unasikika wa heshima, lakini Mwingereza akiusikia anajua pingamizi kali linakuja, kwa hiyo usimwanzie bosi nao ukidhani unamnyenyekea. Kumpinga kwa upole, "I see your point, but" inatosha, kisha toa sababu yako papo hapo. Na "to be honest" usiitie kila sentensi, tafadhali. Jizoeze msemo mmoja mpaka ukutoke wenyewe, ndipo uongeze mwingine.